Fidla ya mjomba ilivyorudi kutoka chini ya kitanda

Kanisani nilikojifunzia kinaitwa vayolini. Nyumbani kwa mjomba wangu Ngamiani kinaitwa fidla. Na mi kwa miaka kama sita hivi niliishi nikiamini kabisa kua hivyo ni vitu viwili tofauti, yani mbao ni ileile, nyuzi nne zilezile, upinde wa singa za mkia wa farasi uleule, lakini vayolini ni ya kusimama wima na kusoma noti na fidla ni ya kukaa kwenye kiti cha plastiki harusini, watu wanatunza na mpigaji kafumba macho.

Mwalimu wangu wa kwanza simtaji, ila alinifundisha vizuri na nina deni kwake, sema alikua na kitu kimoja hakitaki hata kukisikia nacho ni kutelezesha kidole. Ukitoka noti moja kwenda nyingine kidole kinyanyuke kiruke kikatue pale pale panapotakiwa, ukikiburuta tu anagonga meza na penseli, "kidole kinaruka, hakitambai!" Sasa mimi kidole changu kilikua kinatambaa kila siku na sikujua kwanini mpaka nlipokua mkubwa ndo nikagundua ni kwasababu kabla sijaenda kwaya nlikua nshamsikia mjomba utoto mzima. Sisi ni Wabondei, kwenye ukoo mmoja utakuta wa msikitini na wa kanisani tunakula sahani moja, kwahiyo Jumapili nlikua kwaya na siku nyingine zote nipo kibarazani kwa mjomba.

Mjomba alijifunza fidla Unguja akiwa kijana, kwa wazee wa kule, hajui noti hata moja mpaka leo. Aliporudi Tanga alikuta gitaa ndo limeshika, maana taarabu ya Tanga ya kina Black Star na Lucky Star ilijulikana kwa magitaa na besi, sio kwa kundi kubwa la fidla kama kule Unguja. Lakini alipata nafasi zake, harusi za Makorora, za Mabawa, hadi Pangani alikua anaitwa. Alafu vikaja vinanda vya umeme na spika zile kubwa za kupangwa ukutani kama makabati. Hakuna aliyemfukuza. Aliniambia mara moja tu, "mwanangu, nilipiga mpaka alfajiri na hata mi mwenyewe sikujisikia." Akaifungia kwenye boksi lake akaisukuma chini ya kitanda, na haikutoka tena kwa miaka mingi.

Mi nlikua nalijua hilo na sikulifikiria kabisa mpaka nlipopata kazi ya mapokezi zamu ya usiku, gesti moja huku Raskazone.

Anayefanya kazi ya usiku ananielewa, saa nane ile hamna mgeni, unasikia tu feni na bahari kwa mbali, na wifi ipo ya bure. Nlikua natafuta YouTube jinsi ya kupiga tenzi moja ya Pasaka, nikaacha simu mezani inaendelea yenyewe video baada ya video huku naandika kitabu cha wageni. Mara nasikia fidla. Sio tenzi. Yani inakimbia, inacheka, inapanda juu kama mtoto anapanda mwembe alafu inashuka kwa kuteleza, kidole kinatambaa waziwazi kabisa na hakuna anayegonga meza. Nikachukua simu nione nani huyu. Mzee wa Kizungu mwenye shati la maua, kasimama kama anasubiri daladala, mkono wa kulia unatembea bila haraka yoyote. Stéphane Grappelli.

Niliangalia mpaka asubuhi. Mwenzangu wa zamu ya mchana alipokuja alinikuta macho mekundu akadhani nimefiwa.

Sasa kabla sijaendelea niseme hili coz nadhani wengi wa huku watanielewa. Mi neno jazi nilikua nalijua tangu zamani, mtoto wa Tanga gani asiyejua Atomic Jazz, Jamhuri Jazz, Amboni Jazz? Kwetu jazi ni bendi ya dansi, magitaa matatu yanapokezana, tumba, saksafoni, wazee wanacheza rumba. Kwahiyo nlipoona wameandika huyu mzee anapiga jazz nikasema mbona hii sio jazi, na kweli ilinichukua muda kuelewa kua kuna jazz ya Marekani ambayo msingi wake ni watu weusi wa kule, na sisi tulilichukua jina likaja kuishi maisha yake mengine huku kwetu. Lakini kitu kimoja kilinishangaza. Kundi la Grappelli lililoanzishwa Paris mwaka 1934 na mpiga gitaa Django Reinhardt halikua na ngoma wala tarumbeta. Fidla moja, magitaa matatu, besi moja la kusimama. Basi. Nyuzi tupu. Na yule Django mkono wake wa kushoto ulikua umeungua kwenye moto mwaka 1928, vidole viwili vikawa kama havifanyi kazi, solo zake zile zote alipiga na viwili vilivyobaki. Ukisikiliza yale magitaa yanavyosukuma kwa pamoja chini ya fidla utadhani unasikia ukumbi wa Tanga enzi zile, sio kwamba muziki ni uleule hapana, ila ile hali ya nyuzi kubeba ngoma bila ngoma kuwepo.

Grappelli mwenyewe alifiwa na mama akiwa mdogo sana, baba yake hana hela, na fidla alijifunza zaidi mwenyewe, akapiga mitaani, akiwa kijana akapiga kwenye kumbi za sinema zile za zamani za picha zisizo na sauti. Alizaliwa 1908 akafariki 1997 na uzeeni kabisa alikua bado yuko jukwaani. Miaka ya 1970 alirekodi na Yehudi Menuhin, ambaye ni mmoja wa wapiga vayolini wakubwa wa muziki wa kusoma noti katika karne ile yote, na sehemu za Menuhin ilibidi ziandikwe kwenye karatasi kwasababu kubuni papo kwa papo hakukua kazi yake. Niliposoma hilo nililia kidogo kwakweli. Maana miaka yote nlidhani anayesoma noti ndo yuko juu na mjomba wangu yuko chini, kumbe ni njia mbili na kila mmoja ana pa kumnyenyekea mwenzake.

Nikaanza kuchimba. Bando lote la mwezi lilikua linaishia hapo.

Mtu aliyenipeleka kwa mjomba ni Stuff Smith. Huyu ni mweusi wa Ohio, kazaliwa 1909, na mwaka 1936 alikua anajaza klabu ya Onyx pale New York barabara ya 52. Grappelli ni maji yanatiririka, Stuff Smith ni mtu anapasua kuni. Anaupiga upinde kama fimbo ya ngoma, anakwaruza, anaguna, anasema neno moja anakaa kimya akikuangalia. Lakini kilichonifanya nisimame kwenye kiti ni kwamba alikua kati ya watu wa kwanza kabisa kuiunganisha fidla na umeme, miaka ileile ya 1930. Kwasababu gani? Kwasababu tarumbeta na ngoma zilikua zinamfunika! Shida ileile! Yani kilichomtokea mjomba kwenye harusi ya Mabawa kilikua kimeshamtokea mtu New York kabla mjomba hajazaliwa, na yule mtu hakuisukuma fidla chini ya kitanda, aliichomeka.

Kesho yake sikulala, nilishika bodaboda moja kwa moja Ngamiani.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mwanangu, mbona asubuhi hivi, kuna nini?"

Nikamwambia hamna kitu, nataka usikie. Nikamvalisha hedifoni. Mjomba akafumba macho. Mi nikawa naangalia mkono wake wa kushoto uliokua umelala juu ya goti, baada ya kama dakika moja vidole vikaanza kutembea vyenyewe kwenye msuli aliojifunga. Alipomaliza akavua hedifoni akauliza, "huyu ni mtu wa wapi?" Nikamwambia Marekani. Akasema, "mbona anapiga rasti?"

Hapo ndo penyewe, na naomba niende taratibu.

Kwaya zetu tunaimba kwa do re mi. Ukiishusha ile noti ya mi nusu hatua unapata sauti ya huzuni, ukiiacha juu inakua ya furaha, na kwenye kinanda hakuna kitu katikati, ni aidha kibao hiki au kile. Lakini kwenye maqamu ya Kiarabu, yani mipangilio yao ya noti, ambayo wazee wa taarabu walijifunza, ile rasti anayoisema mjomba, mi yake haipo juu wala chini, ipo katikati hapo kwenye ufa kati ya vibao viwili. Kinanda hakiwezi kuipiga. Gitaa kwa zile freti zake, vile vyuma vya kukatiza shingoni, haliwezi mpaka uuvute uzi pembeni. Fidla haina freti, shingo yake ni laini mwanzo mwisho, kwahiyo kidole chako kikitaka kukaa kwenye ufa kinakaa. Sasa blues ya watu weusi wa Marekani nayo inaishi kwenye ufa huohuo au karibu sana na hapo, mi yao inayumba kati ya huzuni na furaha, haijaamua, na ndo maana wimbo unaweza kua unalalamika na watu wanacheza. Sisemi kwamba blues imetoka Ngamiani au rasti imetoka Mississippi, ni safari tofauti kabisa. Nasema tu kwamba mzee asiyejua noti alisikia kwa dakika moja kitu ambacho mi na vyeti vyangu vya mitihani ya muziki nilikisikia usiku mzima nisikijue jina. Na kidole kinafikaje pale kwenye ufa? Kwa kutambaa.

Mjomba akauliza kama wapo wengine. Nikamwambia wapo.

Tulianza vikao, ndo jina sahihi, kila nikitoka zamu napitia kwake na chapati za njiani, yeye anachemsha chai ya tangawizi, tunasikiliza. Nikamletea Mississippi Sheiks waliorekodi mwaka 1930, fidla na gitaa tu, akasikia jina akarudia "Masheikh wa Mississippi!" akacheka mpaka machozi, na kuanzia siku hiyo wale kwetu ni Masheikh, ukisema "tuwasikie Masheikh" anajua. Kuwasikiliza wale kulinifundisha kitu ambacho watu wengi hawajui, kwamba kabla gitaa halijawa mfalme wa blues watu weusi wa Marekani walikua wanachezea fidla na banjo, miaka mingi sana, tangu wakiwa watumwa mashambani. Gitaa lilikuja kua rahisi kununulika baadae, likaongezeka, likaifunika. Big Bill Broonzy ambaye watu wanamjua kwa gitaa alianza utotoni na fidla aliyojitengenezea kwa boksi la sigara. Mjomba akasema, na sisi pia, na akanikumbusha zeze, lile la kibuyu na upinde ambalo Wagogo wanalipiga. Hukwe Zawose pale Bagamoyo alilizungusha dunia nzima mpaka alipofariki 2003. Upinde na uzi tumekua navyo siku zote, tulipoambiwa vayolini ni ya Wazungu tukaitikia tu.

Blues yenyewe ni rahisi kuielewa hata kama hujui Kiingereza. Mwimbaji anasema mstari mmoja, anaurudia uleule, alafu mstari wa tatu anaujibu, jumla ni vipimo 12 na unaanza upya. Kila mstari ukiisha kunabaki nafasi, na hapo ndo fidla inaongea. Mjomba alipolijua hilo akasema hii kazi naijua, mwimbaji anapumua na wewe unamjibu, usimkanyage. Tukajaribu. Mi na vayolini yangu yeye anaimba maneno ya kubuni tu, ya bei ya mchele, ya jirani, anaurudia mstari, mi najibu. Siku ya kwanza nilijibu maneno mengi sana. Akanisimamisha, "mwanangu, umeulizwa hujambo tu." Hiyo ni sentensi nimeiandika kwenye karatasi nimebandika ndani ya boksi la vayolini yangu.

Rock sasa. Hapa nlikua na wasiwasi na mjomba coz ni kelele, lakini kelele ndo ilikua hoja yenyewe. Nlimpa Don Sugarcane Harris, mtu wa Pasadena, California, aliyeanza kusomea vayolini ya noti kama mimi, akaja kuimba rock and roll na mwenzake wakiitwa Don and Dewey, na mwaka 1969 akapiga kwenye albamu ya mwanamuziki wa rock Frank Zappa iitwayo Hot Rats. Ile fidla ya umeme inalia kama paka amekanyagwa mkia kisha inatengeneza wimbo kutokana na kile kilio, dakika na dakika, haichoki. Mjomba hakusema kitu. Akaniambia rudisha nyuma. Nikarudisha. Rudisha tena.

Yupo pia Jean-Luc Ponty, Mfaransa, huyu alimaliza chuo kikuu cha muziki cha Paris na tuzo ya kwanza akiwa na miaka 17, akawa ameajiriwa kwenye okestra, akaja kuwasikia wapiga jazz kina Miles Davis na John Coltrane na njia ikageuka. Kuna kikao kimoja mwaka 1966 kule Basel, Uswisi, wapiga fidla wanne jukwaa moja, Stuff Smith, Grappelli, Svend Asmussen wa Denmark na huyu Ponty akiwa kijana kabisa kuliko wote. Imerekodiwa. Stuff Smith alifariki mwaka uliofuata. Nikiisikiliza ile huwa nasikia kabisa mzee anamkabidhi kijana kitu, sijui kama kweli au ni mimi tu lakini nasikia hivyo. Ponty baadae akaingia Mahavishnu Orchestra, bendi ya kuchanganya jazz na rock, akachukua nafasi ya mpiga fidla Jerry Goodman, wote wawili wanapiga kwa kasi ambayo siwezi hata kuota.

Na Pink Floyd, bendi ya rock ya Uingereza, mwaka 1975 Grappelli alikua anarekodi na Menuhin kwenye jengo lilelile walilokuwemo la studio za Abbey Road London, wakamwita Grappelli apige kwenye wimbo wao, wakaishia kumfifisha mpaka hasikiki, ile iliyo na fidla yake imekuja kutolewa 2011. Nilipomsimulia mjomba akatikisa kichwa tu akasema, "hata yeye." Akanywa chai.

Kwangu mimi binafsi aliyeniingia moyoni ni wawili. Wa kwanza Eddie South, mweusi aliyesomea muziki wa noti Chicago miaka ambayo okestra za huko zilikua haziajiri mtu wa rangi yake, akaenda kwenye jazz, na mwaka 1937 akiwa Paris akakaa chini na Grappelli na Django wakarekodi kazi ya Bach, yule mtunzi wa zamani wa Kijerumani, fidla mbili na gitaa, kwa swingi, yani ule mdundo wa jazz wa kuyumba. Nikisikia ile nasikia mtu aliyefungiwa mlango anaingia na wimbo wake kwa dirishani. Wa pili Regina Carter wa Detroit. Mwanamke, mweusi, alianza vayolini akiwa na miaka minne. Mwaka 2001 alipewa aipige fidla ya Paganini, mpiga vayolini maarufu wa zamani wa Italia, ile inayoitwa Il Cannone, iliyotengenezwa 1743, inatunzwa na mji wa Genoa kule Italia kama hazina, na akapigia jazz juu yake jukwaani. Mpiga jazz wa kwanza kuigusa, mweusi wa kwanza. Alafu 2010 akatoa albamu Reverse Thread ya nyimbo za Afrika, na akodiani ndani yake. Nilikua sijawahi kuona mwanamke mwenye nywele kama zangu ameshika kitu kile bila kuomba radhi. Nikabadilisha picha ya simu nikamweka yeye na mpaka leo yupo.

Sasa kujifunza. Sikupata mwalimu, hapa Tanga yupi atanifundisha swingi, nikaanza na alichonishauri mjomba, imba kwanza. Kitu usichoweza kukiimba kidole hakitakijua. Nikawa nachukua kipande kidogo, sekunde nne tano, nakiimba njiani nikitembea kutoka Raskazone mpaka Chumbageni, watu wa baiskeli wananiangalia, mpaka kimekaa mdomoni, ndo nakitafuta kwenye nyuzi. Kipande kimoja cha Grappelli kilinichukua wiki tatu. Vidole havikua shida, shida ilikua mkono wa kulia. Kanisani nilifundishwa upinde mmoja noti moja, au kama karatasi inavyosema, ila hawa watu wanaunganisha noti mbili na kubadilisha upinde mahali ambapo hutegemei, kwenye pigo dhaifu, na hapo ndo inapozaliwa ile hali ya kuning'inia. Mwezi mzima nilikua nasikika kama tenzi inayojaribu kucheza. Baadae nikajifunza pia kuukata upinde juu ya nyuzi kama ngoma, chop wanaita, chanzo chake anatajwa Richard Greene wa Marekani miaka ya 1960, hii mjomba aliipenda sana kwasababu mi nikikata yeye anapata mdundo.

Nliwahi kuharibu pia. Ibada moja ya Jumapili, kwaya imemaliza beti, nafasi ikabaki, na mi nikajibu. Kwa kutambaa. Kanisa likageuka. Mzee wa kanisa aliniita baadae akaniambia kwa upole kua hapa tunafuata karatasi, na alikua na haki, sikuomba ruhusa kwa mtu, nikaomba msamaha. Nilichokosea sio kupiga vile, nilikosea kuingia kwenye mazungumzo ya watu nisiyoalikwa. Masheikh wasingefanya vile.

Kuichomeka fidla ya mjomba sasa. Pikapu, kile kifaa kinachonasa sauti ya nyuzi kuipeleka kwenye spika, ndo ilikua kazi. Dukani kwetu hamna ya fidla kabisa, nikaagiza Dar ile ndogo ya kubandika ya gitaa, ikaja kwa basi, nikaishusha Kange stendi kama mtu anapokea mgeni. Ukiibandika popote inapiga mluzi vibaya sana. Tulihangaika jioni mbili, tukaisogeza mpaka karibu na daraja la nyuzi upande wa besi, tukaweka kipande cha sponji kwenye matundu, tukapunguza sauti kali kwenye ampu, na tukajua kua usisimame ukiitazama spika, simama pembeni yake. Uzi mwembamba ulishakatika siku nyingi, tukafunga ule wa kwanza wa gitaa la chuma, ukashika. Fidla yenyewe ilikua imeachia gundi ubavuni kwa joto na unyevu wa bahari wa miaka yote ile chini ya kitanda, fundi mmoja wa makabati akaibana siku mbili ikapona.

Mjomba alifunga nyuzi zake kwa namna yake, mbili za juu kazilegeza, akanambia wazee ndo walivyofanya. Akapaka ulimbo kwenye upinde, akavuta mara moja.

Sauti ikatoka kwenye spika ikajaza ua mzima. Mama muuza vitumbua wa ng'ambo akasimama. Mjomba alishtuka akaangalia nyuma kama kuna mtu mwingine kapiga.

Harusi ilikua Mikanjuni, mtoto wa rafiki yake. Kinanda kipo, spika zile kama makabati zipo, vijana wa muziki wakatupa chaneli moja kwenye mikisa kwa heshima tu nadhani wakijua ni ya kumfurahisha mzee. Wimbo wa tatu mwimbaji akamaliza mstari akapumua. Mjomba akajibu, noti nne tu, ya tatu ipo kwenye ufa. Kijana wa kinanda aliinua mikono juu ya vibao kabisa akamgeukia, na mstari uliofuata akaacha nafasi makusudi. Kina mama wa mbele wakaanza kuja kutunza. Mi nlikua pembeni nashikilia waya usikanyagwe na nilikua siwezi kuona vizuri kwasababu ya machozi.

Kesho yake saa kumi na mbili asubuhi simu inaita, ni yeye.

"Mwanangu, yule mzee mpiga fidla uliyenionesha, anayeitwa Papa."

"Papa John Creach."

"Ehe. Uliniambia aliingia kwenye bendi ya vijana ana miaka hamsini na ngapi?"

"Na tatu mjomba. 1970, Jefferson Airplane. Kabla ya hapo alikua anapiga mahotelini na kwenye meli."

"Akafika ngapi?"

"Alifariki na 76. Alikua bado anapiga."

Akanyamaza. Mjomba ana 67. Nikamsikia anahesabu taratibu kwa mdomo kama mtu anahesabu chenji, alafu akasema basi ukiagiza nyuzi Dar zisiwe seti moja, ziwe mbili.